Maswali na Majibu: Ngoma za Mashindano za Wasukuma

1. Nini maana ya ngoma ya mashindano? (Alama 2)
Ngoma ya mashindano ni sanaa ya maonyesho ambamo vikundi hucheza kuwania ushindi mbele ya hadhira. Lazima utaje sanaa na ushindani. Ukitaja kimoja, alama 1.

2. Taja vyama viwili vikuu vya ngoma za Wasukuma na waasisi wake. (Alama 4)
Bagika, kilichoasisiwa na Ngika. Na Bagalu, kilichoasisiwa na Gumha. Vyote ni vya karne ya 19. Usivichanganye.

3. Fafanua namna mshindi anavyopatikana katika mashindano ya Bagika na Bagalu. (Alama 6)
Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kuhama. Kikundi kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho mshindi. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi; hadhira ndiyo mwamuzi, na hiyo ndiyo fahari ya ngoma hii. Kwa sababu hiyo kila kikundi hubuni vivutio. Wachezaji wa ngoma ya bugobogobo hurusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mapigo. Wengine hucheza na chatu hai. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, huwarushia wapinzani vijembe. Kila mtazamaji anayehama huongeza hesabu ya upande mmoja na kupunguza ya upande wa pili. Watahiniwa wengi hueleza vivutio wakasahau hadhira. Hao hawavuki alama 3.

4. Tofautisha hadhira ya ngoma hii na hadhira ya mpira wa miguu. (Alama 4)
Zote ni hadhira hai, kwani zote hushangilia. Tofauti ni mamlaka: hadhira ya mpira hushuhudia matokeo yanayoamuliwa na mabao, hadhira ya ngoma huamua matokeo.

5. Onyesha sifa nne za sanaa za maonyesho, kwa mujibu wa Muhando na Balisidya (1976), katika ngoma hii. (Alama 4)
Dhana inayotendeka: ushindani. Watendaji: wachezaji na ningi. Uwanja: mahali pa kuchezea. Watazamaji: wanakijiji na wageni.

6. Mashindano haya hufanyika lini na wapi? Toa mfano. (Alama 2)
Hufanyika Usukumani baada ya mavuno, takriban Juni hadi Agosti. Mfano ni tamasha la Bulabo, Bujora, mkoani Mwanza, linaloambatana na sikukuu ya Ekaristi. Jibu la “wakati wa sherehe” halina alama.