Skonzi: Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji

Leo sikuwaletea methali wala mafumbo. Nimewaletea skonzi.

Nikiwa darasa la sita niliandika insha kuhusu safari. Nikasema, "Mama alininunulia skonzi mbili pale Eldoret." Insha ilirudi skonzi zangu zimezungushiwa wino mwekundu: ati hilo si neno la Kiswahili! Alama ikaenda. Nilinyamaza, lakini swali halikunyamaza. Ningeandika nini basi? Andazi? Andazi hukaangwa kwa mafuta, skonzi huokwa. Mkate? Mwambie mwenye duka akupe mkate uone kama atakupa skonzi!

Kumbe neno hili limetoka mbali, kwa Waskoti. Mshairi wao Gavin Douglas aliliandika mwaka wa 1513. "Scone" yao ya jadi ilikuwa mkate wa duara, uliookwa juu ya bamba la chuma na kukatwa vipande vinne. Waingereza walilichukua neno kwa Waskoti, nasi tukalichukua kwa Waingereza. Njiani hata chakula chenyewe kikabadilika. Yao siku hizi haitiwi hamira. Yetu huumuliwa kwa hamira, ikawa laini, tamu kidogo, ya kushushia chai.

Sasa tazameni sarufi. Sisi tulichukua umbo la wingi, "scones", ambalo mwisho wake hutamkwa z. Tukaongeza irabu i, tukapata skonzi. Ndivyo "jeans" ilivyozaa jinzi. Lakini "socks" na "chips" huishia kwa sauti ya s, ndiyo maana tunasema soksi na chipsi, si sokzi wala chipzi. Kisha tukaitia skonzi katika ngeli ya I-ZI: skonzi imeisha, skonzi zimeisha. Wingi wa Kiingereza umesahaulika kabisa.

Wenzangu, meza ilitoka kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, na hakuna anayeyazungushia wino. Neno likiwa na kazi ambayo jingine haliifanyi, tena likatii sarufi yetu, kosa lake ni nini? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Simlaumu mwalimu wangu. Wino wake ndio ulionifanya niulize. Lakini nikipewa insha ile leo, nitaandika skonzi tena.