VOLKANO ILIYOLALA HAIJAFA: Usitazame Kilele, Tazama Ardhi
Kijitabu cha elimu kwa umma, Kigali

KWA NINI KIJITABU HIKI

Simu haziishi. Mmoja anauliza kama Karisimbi inalipuka kesho, kwa kuwa ameona video ya WhatsApp. Mwingine analalamika amezuiwa kupita karibu na ufa ilhali "mlima umetulia". Wote wawili wamekosea. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, basi asiwepo wa kusema hakuelezwa.

MILIMA YETU

Safu ya Virunga ina volkano kubwa nane. Nyiragongo na Nyamulagira, zilizoko Kongo, zingali hai kabisa. Upande wetu na mpakani tunazo tano: Karisimbi (mita 4,507), Bisoke, Sabyinyo, Gahinga na Muhabura. Hizi zimelala. Karisimbi haijatoa lava kwa maelfu ya miaka. Bisoke ilitoa Agosti 1957, na wapo wazee waliokuwa hai wakati huo.

Moto ule wa 1957 haukutoka kwenye ziwa lililoko kileleni. Ulitoka kilomita 11 hivi kaskazini, upande wa Kongo: ardhi ilipasuka, vikachomoza vilima viwili vidogo, na baada ya siku chache ukazima. Aliyekuwa akikodolea kilele hakuona kitu. Hata Nyiragongo, tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita kwenye nyufa za ubavuni ikashuka hadi katikati ya Goma.

HATARI INAPIMWAJE

Wataalamu hupima mambo manne: mitetemeko ya ardhi, kuvimba kwa ardhi (kwa GPS na setilaiti), gesi zinazotoka, na umri wa miamba ya zamani. Kutokana na hayo husema hatari imepanda au imeshuka. Tarehe hawataji. Anayekutajia siku na saa anakudanganya. Tena dalili huweza kuchelewa: tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilitoa ishara za wazi chini ya saa moja tu kabla ya kulipuka.

Vyombo haviwezi kuwekwa katika kila shamba. Kwa hiyo taarifa yako ni sehemu ya kipimo. Toa taarifa ukiona:
• ufa mpya shambani, barabarani au ukutani, hasa unaopanuka;
• udongo au maji ya chemchemi yaliyopata joto ghafla;
• mimea iliyokauka mahali pamoja bila sababu;
• ndege, panya au mbuzi waliokufa bondeni bila jeraha.

Mwambie mkuu wa mudugudu siku hiyo hiyo, au piga 112. Usisubiri mkutano wa umuganda.

ONYO KUU: NYUFA NA MABONDE

Gesi ya dioksidi ya kaboni hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mashimoni kama maji. Watu wa Goma na Gisenyi huiita mazuku. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo usingoje kunusa. Mtu mzima aliyesimama aweza kupumua salama huku mtoto aliye kando yake akianguka.

Ukimwona mbuzi amelala bondeni hasogei, USISHUKE kumchukua. Mtu akianguka bondeni, USISHUKE peke yako kumwokoa. Wengi hufa hivyo, wa pili juu ya wa kwanza. Ita msaada ukiwa juu. Tunarudia: usishuke.

Usiruke ufa. Usipige picha ukiwa ukingoni. Usiufukie kabla haujakaguliwa.

LAVA IKISIMAMA, HATARI HAIJAISHA

Mwaka 2021 lava ilisimama pembezoni mwa Goma, watu wakashangilia. Kumbe magma ilikuwa ikisonga chini ya ardhi kuelekea Ziwa Kivu. Rubavu ilitikisika siku kadhaa. Nyumba na barabara zikapasuka. Tarehe 27 Mei, siku kadhaa baada ya lava kusimama, sehemu ya Goma iliamriwa kuhama. Rwanda ilipokea maelfu ya majirani, na hilo tunalisema kwa fahari. Lakini mapokezi mema hayamsaidii aliyekimbilia nyumbani kabla ya tangazo.

WAKAZI WA KIGALI

Karisimbi iko kilomita 80 hivi kutoka hapa. Lava haitafika Kigali. Uvumi wenu lakini hufika Musanze na Rubavu kwa sekunde moja. Usisambaze ujumbe usiojua ulikotoka. Na usimpigie mama mkwe aliyehamishwa kumwambia arudi kwa kuwa "mambo yametulia". Hilo hutangazwa na mamlaka.

MSAADA

Nyumba ikipasuka, usilale humo. Nenda ofisi ya sekta na kitambulisho na picha za nyufa. Masharti mengine utaelezwa huko.

Ukiona ufa: ondoka, toa taarifa, zuia wengine wasikaribie. Kwa mpangilio huo huo.