Redio ya Gari na Waya Zake

Ndugu wanachama, leo twaacha kidogo habari za mikarafuu. Katika mavuno, gari ya mwenzetu mmoja ilikataa kuwaka alfajiri, nayo imejaa magunia ya karafuu mbichi. Nanyi mwajua, karafuu mbichi zikishinda guniani hupata joto zikaharibika. Betri ilikuwa nzima. Iliyoimaliza ni redio.

Redio nyingi za siku hizi zina waya tatu za umeme. Ya manjano hupata umeme wa betri usiku na mchana, ili redio isisahau saa wala stesheni. Nyekundu hupata umeme ufunguo ukigeuzwa tu. Nyeusi hufungwa kwenye chuma cha gari. Fundi wa mwenzetu aliziunga nyekundu na ya manjano pamoja, basi ufunguo ulitolewa na redio isizimike. Mwenyewe alikuwa amepunguza sauti, akadhani imelala.

Rangi zisiwadanganye, maana magari mengine yana mpango wao. Redio ikisahau stesheni kila gari inapozimwa, aghalabu hizo waya mbili zimebadilishana.

Redio ikiwa kimya kabisa, tazameni fyuzi kwanza. Kisha chukueni globu ya volti 12 yenye waya mbili: moja ishikeni kwenye chuma kitupu kisicho rangi, ya pili ijaribuni kwa ile ya manjano, halafu kwa nyekundu na ufunguo umegeuzwa. Globu ikiwaka kote, umeme wafika; shukuni waya nyeusi. Hiyo ndiyo yenye kutusumbua zaidi sisi watu wa visiwani, kwa hewa ya chumvi. Kutu huingia chini ya skrubu, redio ikawa yazimika sauti inapopandishwa, au yatoa mlio unaopanda kila mkanyagapo mafuta. Kwangueni hata chuma king'ae, mkaze upya.

Fyuzi iliyokatika hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zile zile, si zaidi. Wako wanaoizungushia karatasi ya fedha ya sigara. Hao hawaoni kwamba waya itapata moto badala ya fyuzi, na nyuma yao kuna magunia makavu. Fyuzi mpya ikikatika tena, tafuteni waya iliyochubuka inayogusa chuma, lakini fungueni kwanza waya ya hasi ya betri.