UFAHAMU: KUPATA WAZO KUU LA HABARI

Mtahiniwa, swali la wazo kuu huwapotezea wengi alama kwa sababu hunakili sentensi ya kwanza au tarehe zilizomo katika habari. Soma habari ifuatayo mara mbili kabla ya kujibu.

Habari

Zamani, katika Milima ya Upare iliyo juu ya mji wa Same, koo zilihifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni na katika misitu ya matambiko. Kila ukoo ulijua pa kwenda kuwakumbuka wafu wake. Je, aliyepotelea baharini akumbukwe wapi?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyambizi za Ujerumani na Japani ziliwinda meli katika Bahari ya Hindi. Uingereza iliweka ndege za doria aina ya Catalina, zinazotua majini, katika vituo kama Dar es Salaam na Diego Suarez, Madagaska. Tarehe 20 Agosti 1944, nyambizi ya Kijerumani U-862 iliitungua Catalina moja ya Kikosi Namba 265 katika Mlango wa Msumbiji. Waliokuwamo wote walikufa.

Miezi sita kabla, tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani iliizamisha Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Watu karibu 1,300 walikufa.

Bahari haikurudisha miili. Majina ya askari wa anga wa Jumuiya ya Madola waliopotea katika eneo hili bila kaburi yamechongwa El Alamein, Misri. Majina zaidi ya 500 ya waliozama na Khedive Ismail yako kwenye mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi. Ndugu hawana kaburi la kupalilia. Wana jina la kusoma.

Maswali na namna ya kujibu

1. *Wazo kuu ni lipi?*
Jibu dhaifu: "Ndege ilitunguliwa mwaka 1944." Hilo ni tukio moja tu. Jiulize: aya zote zinajibu swali gani?
Jibu zuri: Wafu wasio na makaburi hukumbukwa kwa kuhifadhiwa majina yao.

2. *Kwa nini mwandishi ameanza na Upare?*
Usijibu "kwa sababu kuna mapango." Jibu: Kuonesha kwamba watu huhitaji mahali pa kuwakumbukia wafu wao, ndipo tuone uzito wa kuwakosa.

3. *Eleza maana ya "iliitungua" kama ilivyotumika.*
Jibu: Iliipiga ikaanguka kutoka angani. Kutungua embe ni maana nyingine. Neno lipime ndani ya sentensi yake.

Zoezi

Ipe habari hii kichwa kisichozidi maneno matano. Kichwa kinachotaja ndege pekee kimewasahau waliozama na meli.