Sanduku Litunzalo Habari za Ndege

Ng'ombe akipotea katika mbuga za Bariadi, mchungaji huinama akazitazama nyayo, naye hujua mnyama alikopita, tena kama alikwenda polepole au mbio. Lakini ndege haiachi nyayo angani. Ikianguka, na wote waliomo wakafa, nani atakayeeleza yaliyoipata?

Ng'ambo ya ziwa lile watu wa Lamadi wavuamo samaki, uko mji wa Entebbe. Hapo, mwezi wa Mei 1952, ilitua Comet, ndege ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa nauli, ikitoka London kwenda Johannesburg. Ndege ile ile ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu 35. Tarehe 8 Aprili ikaanguka Comet nyingine. Wataalamu wa Uingereza waliopoa vipande baharini. Kisha wakaitia Comet ya tatu katika tangi kubwa, wakaijaza maji na kuisukuma kwa nguvu, mara maelfu, hata bati lake likapasuka. Ndipo ilipojulikana kwamba bati la ndege nalo huchoka, kama waya ukunjwao na kukunjuliwa. Kazi ilikuwa kubwa na ghali, kwa kuwa ndani ya ndege hamkuwa na kitu cha kutoa ushahidi.

Katika mji wa Melbourne, Australia, alikuwako mtaalamu wa mafuta ya ndege, jina lake David Warren. Baba yake alipotea mwaka 1934, pamoja na ndege iliyotoweka baharini, naye David alikuwa mtoto wa miaka 9. Alipoitwa kushauri juu ya Comet, alikumbuka chombo kidogo cha kunasa sauti alichokiona katika maonyesho ya biashara. Mbona chombo kama hicho kisisafiri na marubani?

Kweli, hakuwa wa kwanza kabisa. Wafaransa Hussenot na Beaudouin walikuwa wameanza tangu 1939 kuandika mwendo wa ndege katika filamu ya picha. Lakini chombo cha Warren, kilichokamilika mwaka 1957, kilinasa vipimo pamoja na maneno ya marubani, kwa muda wa saa 4, juu ya waya mwembamba wa chuma. Wakubwa wa kwao hawakukijali, na marubani walikiita mpelelezi! Waingereza ndio waliokithamini mwaka 1958. Australia ilizinduka baada ya ndege kuanguka Mackay mwaka 1960, wakafa watu 29. Ndipo ikaamriwa vyombo hivyo vifungwe.

Watu huliita sanduku jeusi, ingawa hupakwa rangi ya machungwa lipate kuonekana upesi. Huwekwa mkiani, maana mara nyingi mkia hauharibiki kama kichwa.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air itokayo Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Wavuvi walifika kwa mitumbwi kuokoa watu. Baadaye masanduku yalitolewa, yakakabidhiwa wachunguzi.