Zana na Gundi za Kuundia Ndege ya Mfano

Simama katika uwanja wa shule mjini Same siku ya jua kali, utazame upande wa Milima ya Upare. Mara nyingi utawaona tai na tumbusi wakizunguka angani bila kupiga mabawa. Jua limepasha joto miteremko ya mlima, na hewa iliyo juu ya miteremko hiyo imepata joto, imekuwa nyepesi na inapanda. Upepo nao utokao nyandani hukutana na mlima, ukalazimika kupanda. Ndege hao hutandaza mabawa yao wakabebwa na hewa hiyo.

Mtu anayetaka kuunda ndege ya mfano anapaswa kutimiza mambo mawili ambayo ndege wa angani wamejaliwa. Kwanza, chombo chake kiwe chepesi. Pili, kiwe imara. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuchagua zana na gundi ili tuyapate yote mawili.

Kila kitu na zana yake

Zamani wahunzi wa Ugweno, kaskazini mwa Upare, walisifika kwa kufua chuma, na majirani zao Wachaga walinunua chuma kutoka kwao. Mhunzi alijua kwamba chuma baridi hakifuliki. Alikitia motoni kwanza kikawa laini, ndipo akakipiga nyundo. Seremala naye hatii ubao motoni. Huukata kwa msumeno na kuulainisha kwa randa. Mafundi wote wawili hufuata kanuni moja: kijue kwanza kitu unachokifanyia kazi, kisha chagua zana.

Kanuni hiyo ndiyo inayotuongoza katika kuunda ndege ya mfano.

Povu gumu ni kitu gani?

Bila shaka umewahi kuona kitu cheupe na chepesi ambacho huwekwa ndani ya maboksi ya redio au televisheni ili zisivunjike njiani. Jina lake la kitaalamu ni polistirini iliyotutumuliwa. Katika somo hili tutakiita povu gumu. Unaweza kukiomba kwa wenye maduka, maana mara nyingi hukitupa.

Vunja kipande kidogo ukitazame kwa makini. Utaona kuwa kimefanywa kwa punje nyingi zilizogandamana. Kila punje ina vyumba vidogo sana vilivyojaa hewa, na kuta za vyumba hivyo ni plastiki nyembamba. Katika kila sehemu 100 za ujazo wa povu gumu, kiasi cha sehemu 98 ni hewa.

Sasa tufanye hesabu. Bawa la ndege yetu lina urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 12 na unene wa sentimita 1. Ujazo wake ni:

60 × 12 × 1 = sentimita za ujazo 720.

Sentimita moja ya ujazo ya povu gumu ina uzito wa kiasi cha gramu 0.02. Kwa hiyo bawa zima lina uzito wa gramu 14.4. Kama bawa hilo lingefanywa kwa mbao yenye uzito wa gramu 0.5 kwa kila sentimita ya ujazo, lingekuwa na gramu 360. Tofauti hiyo ni kubwa. Ndiyo sababu waundaji wengi wa ndege za mfano hutumia povu.

Zana za kukatia na kulainishia

1. *Kisu chembamba chenye makali.* Kisu butu hakikati punje bali huzing'oa, na ukingo hubaki na mashimo. Weka povu juu ya ubao, shika rula ya chuma kando ya mstari, kisha pitisha kisu mara tatu au nne kwa nguvu kidogo. Vidole vya mkono mwingine vikae mbali na njia ya kisu.

2. *Msasa laini.* Ubandike msasa juu ya kipande cha mbao kilicho sawa, kisha usugue polepole. Ukingo wa mbele wa bawa uwe wa mviringo, na ukingo wa nyuma uwe mwembamba.

3. *Waya wa moto.* Mafundi hukata povu kwa waya mwembamba uliokazwa katika upinde wa mti na kupashwa joto kwa umeme wa betri. Waya huyeyusha povu kabla ya kuligusa, na mkato huwa laini. Lakini povu linapoyeyuka hutoa moshi wenye madhara. Zana hii hutumiwa na mtu mzima tu, mahali penye hewa ya kutosha.

4. *Penseli, rula na mizani.* Pima mara mbili, kata mara moja.

Gundi

Watoto wa Upare wanaujua ulimbo, ule utomvu unaonata ambao hutumika kunasia ndege. Wanazijua pia gundi itokayo katika migunga ya nyandani, na gundi ya unga uliokorogwa katika maji ya moto. Madukani zipo nyingine nyingi. Je, ipi inafaa kwa povu gumu?

Fikirieni wanafunzi waliounda bawa zuri kwa siku tatu. Jioni ya siku ya tatu walichukua gundi ya viatu, kwa kuwa waliona jinsi inavyoshika ngozi na mpira kwa nguvu. Wakaipaka kwa wingi, wakaenda zao. Asubuhi walikuta bawa limeliwa. Pale walipopaka gundi palikuwa na shimo, na pembeni mwake palinata kama ubani uliotafunwa. Kazi ya siku tatu ikapotea, ingawa gundi haikuwa mbovu. Walikosa kuijaribu kwanza.

Jaribio

*Vifaa:* vipande vinane vidogo vya povu gumu, gundi ya unga, gundi nyeupe ya maseremala, gundi ya viatu na supagluu.

*Njia:* Fanyeni jaribio hili nje ya darasa. Gundi ya viatu na supagluu zipakwe na mwalimu. Wanafunzi wakae upande utokako upepo. Kila gundi ipakwe kwenye vipande viwili, kisha vipande hivyo viunganishwe. Andika jina la gundi juu ya kila jozi kwa penseli. Tazama baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, na kesho yake. Kila mara andika ulichokiona katika daftari lako.

*Matokeo:* Bila shaka umeona kuwa gundi ya unga na gundi nyeupe hazikuharibu povu. Gundi ya unga hushika karatasi vizuri juu ya povu, lakini haina nguvu ya kutosha kuunganisha bawa. Gundi nyeupe ilichelewa kukauka, lakini kesho yake ilishika imara. Gundi ya viatu ilichimba shimo. Supagluu nayo ilikula povu pale ilipogusa.

Kwa nini povu liliyeyuka?

Tia chumvi katika maji ukoroge. Chumvi haionekani tena, wala hukuipasha moto. Maji ni kiyeyushi cha chumvi. Plastiki ya povu gumu haiyeyuki katika maji, lakini huyeyuka katika vimiminika kama petroli na tina ya kuchanganyia rangi. Gundi nyingi za viatu huwa na vimiminika vya namna hiyo. Kuta za vyumba vya povu ni nyembamba mno, hivyo huyeyuka upesi, hewa ikatoka, na kipande kikubwa kikageuka tonge dogo linalonata.

Gundi nyeupe hutumia maji, na maji hayaliyeyushi povu. Hata hivyo, gundi hiyo hukauka pale maji yake yanapotoka. Katika mbao maji hunywewa na nyuzi za mti. Katika povu hayana pa kupita ila pembeni, ndiyo maana huchelewa. Paka nyembamba, shikiza kwa vijiti vya kuchokolea meno, kisha uache hadi kesho yake.

Zipo gundi nyingine mbili zinazofaa. Ya kwanza ni epoksi, ambayo huuzwa katika mirija miwili. Vitu vilivyomo huchanganywa kwa kipimo sawa na kile kilichoandikwa kwenye pakiti, navyo hugeuka kuwa kitu kimoja kigumu bila kuhitaji kukauka kwa hewa. Epoksi ni imara sana, lakini ni nzito. Itumie mahali penye kazi kubwa tu, kama pale bawa linapokutana na kiwiliwili. Ya pili ni gundi ya kijiti, ambayo huyeyushwa kwa kifaa cha umeme. Hii hushika upesi, lakini ikiwa na joto kali hutoboa povu. Ijaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi.

Gundi nyingi si nguvu nyingi

Wengine hudhani kuwa gundi ikizidi, ndege itakuwa imara zaidi. Sivyo. Tazama ndege yetu. Kiwiliwili chake ni ufito wa sentimita 50 uliopasuliwa kutoka mlingoti wa mkonge uliokauka, mti mwepesi upatikanao katika mashamba ya mkonge wilayani Same. Ndege husawazika juu ya vidole viwili vikiwekwa chini ya bawa, kiasi cha sentimita 4 kutoka ukingo wake wa mbele. Mahali hapo ni sentimita 15 kutoka puani. Mkia uko sentimita 30 nyuma yake.

Kumbuka somo la nyenzo. Ukipaka gramu 5 za gundi isiyo ya lazima mkiani, itakubidi uweke gramu 10 za udongo puani ili ndege isawazike, maana:

5 × 30 = 10 × 15.

Jumla umeongeza gramu 15. Uzito huo unazidi uzito wa bawa zima!

Kutoka kurusha kwa mkono hadi redio

Irushe kwanza ndege yako kwa mkono, siku isiyo na upepo mkali, kwenye uwanja wenye nyasi. Ikiinua pua kisha ikaanguka, ongeza udongo kidogo puani. Ikipiga mbizi, punguza.

Ndege iliyosawazika vema inaweza baadaye kuwekewa mota na pangaboi, betri, kipokezi cha redio na mota ndogo za kugeuza usukani. Mrushaji hushika mkononi kifaa kinachotuma mawimbi ya redio. Kipokezi hupokea mawimbi hayo, na mota ndogo hugeuza usukani wa mkia. Lakini redio haiwezi kuponya bawa lililounganishwa vibaya.

Kazi hii si mchezo mtupu. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha za visiwa vya Zanzibar kutoka angani ili kuchora ramani. Ndege ndogo zilizotumika zilikuwa na kiwiliwili cha povu, na zilirushwa kwa mkono. Povu hilo ni la aina nyingine, liitwalo polipropilini. Hunepa bila kuvunjika, na haliliwi upesi na gundi kama povu letu. Unaona basi kwamba hata vitu viwili vinavyofanana kwa macho vyahitaji kujaribiwa kila kimoja peke yake. Mwaka huo huo nchini Rwanda ndege zisizo na rubani zilianza kupeleka damu katika hospitali zilizo milimani.

Tahadhari

- Usinuse gundi kamwe. Mvuke wa gundi ya viatu hulevya, huharibu ubongo, na waweza kuua.
- Supagluu ikigandisha vidole, usivivute kwa nguvu. Viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni.
- Usichome mabaki ya povu. Moshi wake ni sumu. Yakusanye, usiyaache yapeperushwe na upepo.
- Usirushe ndege karibu na barabara kuu, nyaya za umeme wala watu.
- Ndege ya redio isirushwe mpaka mtu mzima apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Usiirushe kabisa upande wa Mkomazi, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2008, pasipo ruhusa ya wahusika.

Mambo ya kukumbuka

Povu gumu ni plastiki yenye hewa nyingi. Hukatwa kwa makali, si kwa nguvu. Gundi inayofaa ngozi huenda isifae povu. Kabla ya kupaka gundi yoyote, ijaribu kwenye kipande kidogo, nawe ungoje uone.

Maswali

1. Kwa nini tumbusi huweza kupaa juu ya mlima bila kupiga mabawa?
2. Eleza tofauti kati ya kuyeyuka kwa chumvi katika maji na kuyeyuka kwa povu chini ya waya wa moto.
3. Kwa nini gundi nyeupe hukauka upesi zaidi kwenye mbao kuliko kwenye povu gumu?
4. Bawa lina urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 1. Tafuta uzito wake likiwa la povu gumu.
5. Mwanafunzi amepaka gramu 3 za gundi zisizo za lazima mkiani mwa ndege ya somo hili. Ataongeza gramu ngapi puani?
6. Rafiki yako amepata gundi mpya isiyo na maandishi. Mwandikie hatua za kufuata kabla ya kuitumia.