Dondoo muhimu: Ukishaambiwa una kisukari
Kwa anayetumia insulini, cha kuzoea mapema ni dalili za sukari kushuka: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kipimo kikisoma chini ya 4 mmol/L, usingoje ugali uive. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Waeleze wa nyumbani pia: ukizimia wasikunyweshe chochote, wakukimbize hospitali.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Pasipo friji, mtungi wa udongo huikinga na joto, usiigandishe kamwe.

Kila usiku kagua nyayo, hata katikati ya vidole, kwani ganzi huficha kidonda.